Kilo Zilizomtoka Sekhobe

Mzani wa kliniki ya mgodi uliposhindwa kumpima Sekhobe, walimpeleka bohari kwenye mzani wa vyuma chakavu. Akapandishwa kando ya pampu mbovu, mbele ya wanaume waliopanga foleni ya viatu vipya. Karani wa bohari alisoma namba kwa sauti ya mtu anayenadi ng'ombe. Foleni nzima ikacheka. Sekhobe naye akacheka, maana angefanya nini?

Kwa daktari hakukuwa na kicheko.

"Ntate Sekhobe, kule chini joto linaua. Mwili kama wako haupoi. Cheti cha kushuka shimoni sikupi. Una muda mpaka Januari ijayo. Ukinirudia hivi hivi, tunakustaafisha."

Kustaafishwa ni neno la watu wa viti vya kuzunguka. Kwa mtu wa shimoni maana yake ni kwamba mgodi unachukua nyumba yake. Na jikoni mwa nyumba ile marehemu mkewe, Malineo, alikuwa ameupaka ukuta udongo na kuuchora kwa vidole na uma, mistari kama ya mashamba yaliyolimwa, vile mama yake alivyomfundisha kule Quthing. Mpangaji mpya angeingia na ndoo ya rangi nyeupe ya kampuni, na habari ya Malineo ingeishia hapo.

Malineo alikufa kwenye benchi la hospitali ya mji, huku mwenye ufunguo wa chumba cha dawa amekwenda kula. Sekhobe alikisimulia kisa hicho kila alipopata msikilizaji, na kila alipokisimulia alikuwa anatafuna. Jioni alisonga ugali wa watu wawili kwa mazoea, akaula wote. Asubuhi alipita getini kununua makoenya, maandazi ya kukaanga, bado yanachuruzika mafuta, akayamaliza kabla ya kengele ya zamu. Wakati wa baridi ilikuwa zamu ya utumbo wa kondoo, na soda ya machungwa katika chupa kubwa.

"Wao walikula mke wangu akifa," aliwaambia waliomtazama tumbo. "Mimi mninyime?"

Sasa ilibidi ajinyime mwenyewe. Hakuanza kwa hekima, alianza kwa chuki. Kila sahani ya kabichi ya kuchemsha aliila kama anamtupia daktari usoni. Kabichi asubuhi, kabichi jioni. Katika karakana ya juu, alikowekwa afagie mpaka Januari, wenzake walihamishia chai yao nje kwenye baridi, wakisema heri baridi kuliko hewa ya kabichi. Jioni alipanda na kushuka kilima cha mchanga wa mgodi akihema kama punda. Siku moja alilamba kifuniko cha jemu, akajilaani, akakilamba tena.

Kilo zikaanza kumtoka. Suruali aliifunga kwa waya wa baruti. Alingoja watu wamsifu.

Nani alimsifu? Wanawake wa chama cha mazishi walimletea supu, na walipokuwa wakimpa pole aliwaona wakipima sebule kwa macho, jeneza lingekaa upande gani.

"Ntate Sekhobe," akasema mwenyekiti wao, mama Nthofeela, kwa sauti ya chini, "umeshapima?"

"Napima kila wiki."

"Simaanishi mzani, Ntate. Damu."

Hata Tankiso, rafiki yake wa zamu moja tangu ujana, alimvuta pembeni. "Abuti, kaka yangu, kama ni ule ugonjwa, mimi usinifiche. Vidonge siku hizi ni bure."

"Ni kabichi, Tankiso."

"Wote husema hivyo."

Januari ikafika. Sekhobe alikwenda kliniki bila kuonja kitu tangu juzi yake. Hata maji aliyaacha tangu jioni, maana maji nayo yana uzito, na yeye hakutaka kushindwa kwa sababu ya bilauri. Sista Dikeledi akampandisha kwenye mzani, akatazama, akamwambia ashuke apande tena. Mzani ukasema vilevile. Alikuwa chini ya kiwango, tena kwa mbali. Sekhobe akatoa kifua mbele.

"Unakohoa?" sista akauliza.

"Huku nani hakohoi?"

"Jasho usiku?"

"Sista, ni Januari."

"Umepungua mwili?"

Sekhobe akamkodolea macho. "Si ndicho mlichotaka?"

Sista alikwenda kumwita daktari, naye daktari akamzunguka Sekhobe kama mtu anayekagua gari la mtumba.

"Sijaona mtu akapungua hivi kwa kutaka mwenyewe," akasema. "Apigwe picha ya kifua. Nikikuta kifua kikuu, habari ya shimo imekwisha leo."

Walimpiga picha, wakamweka kwenye benchi asubiri. Mwanzoni alitukana kimoyomoyo. Unene walitaka kumfukuzia, na wembamba nao wamfukuzie! Halafu matusi yakapungua. Alimkumbuka Lehloenya, waliyefanya naye kazi mwamba mmoja. Lehloenya naye alikuwa akijivunia kiuno chake kipya, na haukupita muda walimvusha daraja la Maseru kumrudisha kwao, sandukuni.

Je, kama mama Nthofeela aliona sawa? Asubuhi alikuwa anakohoa, ndiyo. Shuka zilikuwa zinalowa, ndiyo. Pengine zile kilo hakuzitoa yeye. Pengine kulikuwa na kitu kikimla taratibu kutoka ndani, naye mwaka mzima akajisifia kazi ya mdudu. Hapo Sekhobe aliogopa kuliko siku mwamba ulipoanguka nyuma yake. Wangemchukulia nyumba, sawa, hiyo ndiyo desturi yao. Lakini na njaa yake pia? Ile njaa ilikuwa mali yake.

"Ntate Sekhobe!"

Daktari alikuwa ameiweka picha kwenye taa. Aliitazama, akaisogelea, akairudia pembe moja.

"Kuna vumbi," akasema.

"La kwenu."

Sista akajikohoza. Daktari akaendelea kana kwamba hakusikia. "Kidogo. Halijafika pa kukuzuia. Kifua kikuu hakuna."

"Kwa hiyo ilikuwa kabichi."

"Unasemaje?"

"Sina neno, daktari."

"Basi ingia chumba cha joto, tuone kama mwili sasa unapoa."

Sekhobe alikuwa amedhani ataambiwa aje kesho. Alifungua kinywa aseme hajala, akakifunga. Mtu aliyekiri udhaifu mbele ya wale hakurudishwa chini.

Chumba kilijaa mvuke kama sufuria iliyofunikwa. Wanaume wakiwa na kaptula tu walisimama kila mmoja mbele ya kibao chake, Tankiso akiwa mstari wa mbele. Nyuma ya kioo msimamizi akatangaza, "Kengele ikilia, panda. Ikilia, shuka. Atakayeona giza ainue mkono. Atakayeinua mkono amefeli."

Kengele ikaanza. Panda. Shuka. Mwanzo miguu ilimtii, kilima cha mchanga kilikuwa kimeifunza. Kisha vidole vikaanza kujikwaa ukingoni mwa kibao. Tankiso akageuza shingo.

"Abuti, umekuwa rangi ya majivu."

"Panda kibao chako."

"Inua mkono, bwana! Nyumba kitu gani?"

"Panda!"

Akajaribu kukasirika, maana hasira ndiyo iliyombeba mwaka mzima. Akamwita daktari kichwani, akamwita yule mwenye ufunguo wa dawa. Wote walikuja, wakayeyuka kwenye mvuke. Akajipangusa paji la uso, na kiganja kikatoka kikavu. Mbele yake mgongo wa Tankiso ulikuwa unamwaga maji kama bomba, na yeye hana hata tone. Alijua maana yake. Kule chini mtu akiacha kutoka jasho, wenzake huanza kutafuta machela.

Mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe. Ukafika kifuani. Msimamizi akasogea kwenye kioo.

Sekhobe akaushusha kwa mkono wa kushoto, akaushikilia hivyo hivyo, akapanda. Akashuka. Kibao hakukiona tena, alikitafuta kwa vidole vya miguu. Sauti ya kengele ikawa inatoka mbali, kama ya kanisa la ng'ambo ya bonde. Kisha haikulia. Akanyanyua mguu, akangoja, akabaki na mguu hewani mpaka Tankiso alipomdaka.

Wakamkalisha nje kwenye benchi, wakamtia kipimajoto kinywani. Sista akasoma. Akakifuta, akakirudisha, akasoma tena.

"Umepita," akasema. "Chupuchupu."

Akapewa maji, akayanywa kwa mlio kama ng'ombe, akapewa mengine. Cheti kikawekwa pajani mwake. Daktari akapita, akasimama.

"Hongera, Ntate. Nyumba ni yako mpaka mwaka kesho. Ila umezidisha. Mtu mwembamba namna hii hana nguvu ya kazi. Mwaka kesho nataka nikukute umeongezeka."

Tankiso akashika kichwa. Sekhobe alianza kucheka, taratibu, mpaka sista akarudi mbio na kipimajoto akidhani joto limempanda akilini.

"Niongezeke kiasi gani?" Sekhobe akauliza. "Sema leo, daktari, hawa wakisikia, nisije nikazidisha tena."

Daktari alikwishageuka kumwita mwingine.

"Twende, abuti," Tankiso akasema. "Umeshapita."

"Hajanijibu."

Akabaki pale na kaptula yake, kikombe mkononi, miguu ameinyoosha katikati ya korido, na wanaume waliokuwa wakiingia kupimwa ikabidi wairuke mmoja mmoja.