Simu ya Kumi

Nianze kwa kusema wazi kwamba sikutaka. Msimamizi wetu mpya, binti wa miaka ishirini na nane mwenye kucha safi na maneno laini, alipotutangazia kwamba kila mmoja wetu atasikiliza simu zake kumi na kujijazia fomu, mimi ndiye niliyeguna kwa sauti kuliko wote. Kujitathmini! Nina miaka arobaini na tisa, na kumi na sita kati ya hiyo nimeimaliza kwenye kiti hiki, hedifoni kichwani, nikipokea malalamiko ya watu waliokosa maji. Najijua nje ndani. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimeshakuwa nilivyokuwa. Wajitathmini hawa vijana." Wenzangu wakacheka. Naye akacheka, halafu akaniwekea fomu mezani.

Ofisini wananiita Mama Pole. Mteja akianza kufoka, wanamrusha kwangu. "Pole sana, baba. Siku nne bila maji na watoto wapo nyumbani, una haki ya kukasirika." Dakika ya pili ameshusha sauti, ya tatu ananiombea dua. Ni kipaji, sikatai.

Basi siku hiyohiyo, Alhamisi, baada ya chakula cha mchana nikakaa kusikiliza. Kompyuta ndiyo inayochagua simu, zinazoingia na zinazotoka, yoyote ya miezi sita iliyopita. Fomu yenyewe ilikuwa na maswali manne. Nimesalimia vizuri? Nimemwacha mteja amalize kusema? Nimefunga mazungumzo kwa heshima? Na chini kabisa kisanduku kikubwa: tatizo la mteja lilikuwa nini? Simu ya kwanza mpaka ya tisa nilijipa alama zote, tena kwa haki. Kuna bibi mmoja nilimsubiri akatafute miwani, akatafute karatasi, akafukuze kuku jikoni, na sikumkatiza hata mara moja. Nilijipenda.

Simu ya kumi ilikuwa ya kutoka. Nikaitazama namba kwenye kioo. Ilikuwa ya Kitinda.

Kitinda ni mdogo wangu, mshona mapazia. Kwetu tumezaliwa wawili, mimi wa kwanza na yeye wa mwisho, katikati hakuna mtu. Mama alifariki Kitinda akiwa na miaka tisa, mimi kumi na tisa. Nimemwogesha, nimemsuka, nimempeleka shule huku ananivuta sketi akilia. Sasa ulikuwa mwezi wa tano hatuzungumzi. Kila aliyeniuliza nilimweleza vilevile: hakuja kwenye mahafali ya binti yangu, hakutoa udhuru, na nilipompigia kumuuliza kwa upole akanijibu jeuri, akasema nisimpigie tena, akanikatia simu. Nimemweleza hivyo mume wangu, nimewaeleza mashangazi, nimemweleza mpaka msusi wangu. Nikaapa kwamba aliyekosa ndiye atakayeanza kupiga. Na huku moyoni, niseme tu ukweli, nilikuwa naumia. Simu ikilia nyumbani, mimi ndiye wa kwanza kuirukia.

Siku ile nilimpigia kwa laini ya kazini kwa sababu ya kwangu alikuwa hapokei. Nilijua namba ngeni ataipokea. Kilichonitoka akilini ni kwamba laini zetu hurekodi kila kitu. Miaka kumi na sita nawaambia watu simu hii inarekodiwa, na mimi mwenyewe nikasahau!

Ningeweza kuiruka. Msimamizi asingejua. Lakini nilikuwa na hamu, tena hamu mbaya: nilitaka kumsikia akinitukana, nipate ushahidi. Nikabonyeza.

"Haloo?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Ni mimi."

"Dada? Ni wewe, Dada? Afadhali..."

"Afadhali nini? Afadhali nini, Kitinda? Jumamosi ulikuwa wapi?"

Lo! Huyo hakuwa Mama Pole. Ilikuwa sauti kavu, ya mwalimu aliyeshika rula.

"Dada, subiri, nataka kukwambia..."

"Nisubiri mpaka lini? Mtoto ametoa macho mlangoni, mama mdogo haji!"

"Dada, subiri kidogo. Mimi niko..."

"Siku zote uko! Uko na mapazia ya watu, uko na wateja! Mimi sikuwa na kazi? Na nilikuwa nakusuka kila Jumapili!"

"Najua, Dada. Ila subiri, sina..."

"Huna adabu, ndicho ulichokosa! Sasa sikiliza. Usinipigie tena mpaka ujifunze kuheshimu watu."

Simu ikakatwa. Na aliyekata ni mimi. Mitambo yetu huendelea kurekodi sekunde chache za upande wetu baada ya hapo, nami nikajisikia nikimgeukia mwenzangu wa meza ya jirani: "Umeona? Kanikatia! Mtoto niliyemlea kwa mikono yangu!"

Sikungoja hata nyumbani nifike. Hadithi yangu niliitunga palepale, na jioni yake nilikuwa nimeshaiamini.

Nikavua hedifoni. Nikaenda msalani kunawa uso, nikarudi, nikakaa, nikainuka, nikaenda kunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo, nikasimama dirishani, nikarudi tena. Kiti kilikuwa kinanichoma. Nililaumu mitambo kwanza, kwamba labda imechanganya. Nikaja kwa Kitinda: si angepaza sauti kidogo, alikuwa ananong'ona nini? Nikaja kwa msimamizi na fomu zake. Nilipomaliza kuwalaumu wote nikawa sina wa kumlaumu, na jasho lilikuwa linanitoka.

"Mama, uko salama?" msimamizi akaniuliza.

"Tumbo," nikasema.

Nikaisikiliza tena, safari hii kalamu mkononi. Kusalimia: sifuri. Kumwacha amalize: sifuri, mara tatu ameniomba nisubiri na mara tatu nimempanda kichwani. Kufunga kwa heshima: sifuri. Nikafika kwenye kile kisanduku kikubwa. Tatizo la mteja lilikuwa nini?

Sikujua. Nimetoka kusikiliza mara mbili na sikuwa na neno la kuandika. "Niko" wapi? "Sina" nini? Nikairudisha mara ya tatu, nimefumba macho, na hapo ndipo nikasikia nyuma ya sauti yake mwanamke mwingine akiita, kama mtu aliyechoka: "Namba kumi na saba, ingia ndani." Duka la Kitinda la mapazia halina namba wala foleni.

Nikampigia mume wangu, safari hii kwa simu yangu.

"Hivi ile habari ya mimi na Kitinda, nilikwambiaje?"

"Kwamba alikujibu jeuri akakukatia."

"Ukaamini?"

Mume wangu ni fundi wa saa, hana haraka na jambo lolote. "Nilikuwa nasubiri upoe," akasema.

"Miezi mitano?"

"Wewe hupoi upesi, mama watoto."

Nilitaka kumrukia, nikajizuia. Nilimwambia tu kwamba nitachelewa, nikachukua mkoba, nikamwambia msimamizi tumbo limezidi. Yule binti aliitazama fomu yangu, akanitazama mimi, akasema, "Nenda, Mama." Hakuuliza zaidi, na nikamshukuru kimoyomoyo ingawa asubuhi nilikuwa nimemsema.

Kutoka ofisini mpaka dukani kwa Kitinda ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Nilienda mbio mbio, watu wakinipisha. Njia nzima nikijaribu maneno ya kuomba radhi, na kila nikianza yananigeukia mdomoni. Nisamehe, mdogo wangu, ila na wewe ungesema mapema. Nisamehe, lakini ujue mahafali ni mara moja. Nisamehe kama ulikwazika. Mh! Kama ulikwazika! Mtu mzima na akili zangu, siwezi kusema nisamehe nikaweka nukta. Mbele ya duka la viatu nilisimama nikajisema kwa sauti, mpaka muuzaji akaniuliza natafuta saizi gani.

Duka lake ni chumba kimoja chembamba. Vitambaa vimesimama ukutani katika marobota, pete za mapazia zimo kwenye ndoo, cherehani iko dirishani. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Kitinda alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mto mgongoni, anapinda kitambaa kwa mkono, polepole. Alikuwa amekonda mpaka shingo imekuwa ndefu.

Akainua macho. "Dada," akasema. Hakuinuka.

"Nimeisikia ile simu," nikamwambia kabla hata ya kuvua viatu. "Ilirekodiwa. Mimi ndiye niliyekata. Mimi ndiye niliyesema usinipigie. Halafu nimekusingizia kwa kila mtu."

"Najua. Mashangazi walinipigia kunisema."

"Na hukujitetea?"

"Sikuwa na nguvu ya kujitetea."

Nikabaki nimesimama katikati ya chumba. Alinionyesha kigoda, sikuweza kukaa. "Siku ile ulitaka kuniambia nini?"

Akageuza kitambaa, akatafuta mahali alipoishia sindano. "Hayo yameshapita, Dada."

"Niambie hivyohivyo."

Akanitazama kwa muda, kama mtu anayepima kama pazia litafika sakafuni. Kisha akaanza kusema bila kuniangalia.

"Jumamosi ile ya mahafali nilikuwa nimelala sakafuni, hapo ulipo. Damu zilikuwa hazikati. Simu zako nilikuwa naziona. Sikupokea kwa sababu ningelia, na mtoto alikuwa na sherehe yake. Jumatatu nikaenda hospitali. Ulipopiga nilikuwa kwenye benchi, nimetoka kwa daktari, nasubiri kurudi ndani. Nikaona namba ngeni, nikadhani ni maabara. Nikasikia sauti yako. Nikasema, Mungu ameniletea dada yangu."

Ulimi ulikuwa unaniwasha. Nilishika ukingo wa ndoo ya pete nikaubana.

"Walikuwa wameniambia kizazi kinatolewa. Wiki hiyohiyo. Walitaka ndugu aje aelezwe, atie saini."

Kitinda ana miaka thelathini na tisa. Wanangu wote watatu yeye ndiye aliyewabeba mgongoni kuliko mimi, na kila mmoja Kitinda alimwambia, wewe ngoja, wangu anakuja mcheze naye.

"Mbona hukuniambia?" Likanitoka. Naapa nilikuwa nimelizuia kwa meno, na likanitoka.

Hakukasirika. Bora angekasirika. "Ulisema nisikupigie tena," akanijibu.

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, nani basi aliyetia saini.

"Mama wa vifungo. Wa duka la jirani. Daktari alimuuliza, wewe ni nani wake? Akasema, mimi ni dada yake. Akalala na mimi wodini siku sita. Kidonda kimefunguka mara mbili na mara zote ni yeye aliyenipeleka. Mpaka leo siruhusiwi kukanyaga cherehani."

Ndani ya miezi hiyo mitano mimi nilikuwa nawasimulia wasusi.

"Nisamehe," nikasema. Nikaweka nukta. Kulikuwa na maneno mengi yaliyokuwa yanagombania mlango nyuma ya hilo moja, kuhusu Mama, kuhusu kumlea, kuhusu mimi nilivyo na hasira za karibu lakini roho safi. Niliyaona yote yanakuja, na yote yalikuwa yananihusu mimi. Nikayameza. Kitinda akaendelea kupinda kitambaa. Sikujua kama amenisamehe, na kwa mara ya kwanza sikumuuliza.

Hapo mlango ukasukumwa kwa bega. Akaingia mama mmoja mnene, tepu ya kupimia shingoni, bakuli lililofunikwa sahani mkono wa kulia na pakiti ya vidonge mkono wa kushoto. Hakubisha hodi. "Umekunywa dawa ya saa kumi? Hukunywa. Nakujua," akamwambia Kitinda, ndipo akaniona. "Ooh, karibu, mgeni. Umekuja kupimisha mapazia?"

Nikamtazama Kitinda. Nilikuwa nasubiri aseme mimi ni nani, na sijawahi kusubiri jambo hivyo maishani mwangu. Alichoma sindano kwenye kitambaa, akakiweka mapajani.

"Huyu ni dada yangu," akasema. "Yule mwingine."

Nikampa yule mama mkono. "Asante kwa kumtilia saini," nikamwambia.

Akasema si kitu. Akaniomba nisogee pembeni kidogo, maana nilikuwa nimesimama kati yake na mgonjwa, nami nikampisha.