Kikao cha Walioacha Pombe

Lori lilikuwa limeshanyonya maji yote ya shimo la choo cha bweni. Yaliyobaki chini yalikuwa yale mazito: matambara, nywele, chupa, na uji mweusi uliogandamana na kuta. Hayo hayanyonywi na bomba. Hayo hufuatwa na mtu.

Nyapara alijaza pombe kali kwenye kizibo cha dumu, akanyoosha mkono.

"Kambare, dawa yako."

"Leo sinywi, mkubwa."

Mshika kamba alicheka mpaka akakohoa. "Kambare kaokoka! Haya, shuka na wokovu wako, kawahubirie funza."

"Mwache," nyapara alisema. "Mwana kulitaka, mwana kulipata."

Kwa miaka sita ofisi ilikuwa haijapata glavu wala barakoa. Pombe haikuwahi kukosekana hata siku moja.

Binti wa Kambare alikuwa amejifungua siku nane zilizopita. Jana Kambare alifika mlangoni kwake, na mlango ukafunguliwa upana wa kiganja.

"Baba, umeniapia mara ngapi? Viapo vyako nimechoka navyo. Pale zahanati kuna kikao cha walioacha pombe, kila wiki siku kama ya kesho, asubuhi. Niletee kadi yao, ndipo utamshika mjukuu wako."

"Hata kumchungulia tu, mama?"

"Kadi, baba."

Basi akashuka mkavu. Bila pombe, harufu ilikuwa na mikono. Ilimshika pua, ikamwingia kooni, ikampapasa tumbo. Alitapika mara tatu, na kwa kuwa alitapikia humohumo alimokuwa anazoa, ikabidi ayazoe na yake. Kitu chenye miguu mingi kilimpanda shingoni. Siku nyingine asingekijua. Leo aliihesabu miguu yake yote.

Walipomvuta juu, maji ya kuoga hayakuwepo, kama kawaida. Nyapara alimmwagia pombe iliyobaki kwenye dumu, kichwani, kifuani, mikononi, hasa penye michubuko. Kuua vijidudu, ndivyo walivyoambiwa siku ya kwanza kazini. Kambare alisimama, macho kayafumba, inamchoma. Hilo ndilo lilikuwa bafu lake kwa miaka sita. Hata haikumpitia akilini kulikataa. Alijifuta kwa gunia, akavaa shati safi juu.

"Kazi inayofuata si choo cha zahanati?" aliuliza. "Nyinyi nendeni mkamwage mzigo. Nitawasubiri hukohuko."

Kwenye dirisha la dawa karani hakuinua uso. "Kikao gani? Cha kifua kikuu?"

"Cha walevi."

Foleni nzima iligeuka.

"Cha walioacha," akajisahihisha.

"Nyuma, chumba cha stoo. Na usiegemee dirisha langu."

Stoo ilikuwa na watu kumi, wamekaa duara kati ya maboksi. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu aliyekuwa na miaka kumi na moja bila tone, alimjia mlangoni kwa tabasamu. Tabasamu likaishia njiani.

"Ndugu yangu, umekunywa."

"Sijanywa, mwalimu. Hii nimemwagiwa."

Walicheka wote. Si kwa ubaya; kila mmoja alikuwa amewahi kusema uongo kama huo.

"Hata mimi nilikuwa namwagiwa," mama mmoja mnene alisema, akigonga koo lake. "Namwagiwa humu."

"Haki ya Mungu, nuseni kinywa!"

Akaachama. Mwalimu aliinama kidogo, akarudi nyuma haraka, kiganja puani. Matapishi na choo vilikuwa vimemtangulia.

"Hatukufukuzi," alisema akiwa ameangalia pembeni. "Lakini aliyekunywa leo haketi, wala hapewi kadi. Njoo wiki ijayo ukiwa mkavu."

"Mjukuu wangu, mwalimu..."

"Wiki ijayo, ndugu."

Mlango ulifungwa kwa upole.

Lori lilikuwa limeshafika. Shimo la zahanati lilikuwa chini ya ukuta wa ile stoo, na bomba lilipoanza kunyonya, mtu wa ndani alifunga dirisha. Maji yalipokwisha, nyapara alinyoosha kizibo. Kambare hakukipokea. Alijifunga kamba, akashuka.

Chini, kupitia bomba la choo cha ndani kilichopakana na stoo, sauti zilishuka wazi kama za watu waliokaa naye. Alisikia mama mmoja akisimulia namna alivyolala mitaroni. Alisikia mwalimu akisema, "Hapa hakuna mtu anayenyanyapaliwa." Wakapiga makofi. Kisha viti vikasogezwa, ilikuwa mapumziko.

Hakuna aliyekumbuka kukifunga choo hicho kisitumike. Nyayo zilikuja, kitasa kikalia, mtu akakohoa kwa raha zake, na maji yakaachiliwa. Vyote vilimshukia Kambare begani na usoni. Alifungua kinywa apige kelele, akakifumba haraka.