Walii Amejifungia Chooni

"Baba Tamima, fungua mlango."

"Nnakuja."

"Tangu adhuhuri unakuja. Wanaume wa Paje washaingia mjini, wanatafuta pa kuweka gari, na wewe bado unakuja."

Bi Muzna aliegemea mlango wa choo, akashusha pumzi. Nyumba ilijaa moshi wa udi. Ghorofani wanawake walikuwa wakimvisha Tamima. Baada ya sala ya alasiri baba yake, ambaye ndiye walii wake, alitakiwa akae msikitini, ashike mkono wa Haitham, bwana harusi kutoka Paje, amwozeshe binti yake. Kazi ya dakika chache. Badala yake kajifungia, na barazani mdogo wake, Mansour, anasubiri apewe uwakala aozeshe yeye.

Tangu mumewe, Talal, atolewe tezi dume huko Dar, saratani iliondoka, lakini mkojo ukabaki hauna bawabu. Akikohoa, unatoka. Akiinuka, unatoka. Daktari alimwambia utapungua, akamfundisha mazoezi ya kubana misuli. Talal aliyajaribu kidogo, akasema hayana adabu. Pampasi za watu wazima, ambazo Muzna alizibeba mwenyewe kutoka duka la dawa Darajani, alizisukumia uvunguni. Akachana shuka, akawa anajifunga matambara yanayoporomoka hadi magotini. Hata maji akaacha kunywa. Mkojo haukukoma, ulizidi harufu tu. Msikitini hakanyagi tena, na kila anayeuliza huambiwa ni mgongo.

Muzna alikuwa na stashahada ya hoteli, na miaka mingi alisimamia ufuaji wa mashuka hotelini Kendwa. Hakuna kitokacho mwilini mwa binadamu ambacho hajakiona juu ya shuka jeupe. Aibu ya mumewe ilimchosha kuliko ugonjwa wenyewe.

"Mwite Mansour," Talal alisema kutoka ndani. "Nimpe uwakala hapa hapa."

"Umtoe mwanao kupitia mlango wa choo?"

"Nitalowesha zulia la msikiti, Muzna. Mbele ya wakwe!"

"Vaa pampasi."

"Mie si mtoto."

"Mtoto angeshavaa."

"Mama!" Tamima aliita kutoka juu. "Baba keshatoka?"

"Anajipamba!" Muzna alijibu, kisha akaenda barazani, akarudi na Mansour, joho lake la nakshi likiburuzika sakafuni.

"Shemegi," alimwambia, "ndugu yako haumwi mgongo. Mkojo unamtoka. Kaona bora akuachie wewe mwanawe kuliko kuvaa pampasi."

Ndani ndoo ilianguka. "Muzna! Umenimaliza!"

"Bado."

Mansour aliusogelea mlango. "Kumbe! Mie nilidhani umeninunia, kaka. Tangu urudi Dar hukai na mimi barazani. Nikajua ni yale mambo ya nyumba ya marehemu mama."

"Nyumba gani? Kila nikikaa nnaharibu mto!"

"Basi uwakala siutaki."

"Mansour, nisitiri."

"Nnakusitiri. Nitakaa ubavuni kwako. Ukiinuka, nami nitainuka mbele yako. Joho hili linaziba mlango. Lakini mwanao utamwozesha mwenyewe."

Sauti ndogo ikatoka chooni: "Na udhu?"

"Kuozesha hakuhitaji udhu," Muzna alidakia. "Na kwa sala, mwenye udhuru kama wako anajisafisha, anajifunga, wakati ukiingia anatawadha, anasali. Tulifundishwa sote chuo cha Kurani, nawe ulikaa mbele yangu."

Mlango ulifunguka kidogo. Ukatoka mkono, kiganja juu. Muzna akaweka pampasi.

Talal alipotoka, kanzu yake ilikuwa imenyooka, uso umekunjamana.

"Inaonekana?"

"Kinachoonekana ni huo uso. Ukunjue."

Walifika kizingitini, Talal akasimama. Muzna alishika kiuno.

"Nini tena, baba?"

"Nipe na ya pili."

Alimpa. Talal alijipapasa, mfuko wa kanzu haukutosha hata nusu yake. Mansour aliichukua bila neno, akaibana kwapani chini ya joho, akajitazama.

"Nimenenepa upande mmoja," alisema.

Adhana ya alasiri ilianza.

"Nendeni!" Muzna alisema.

Walishuka ngazi za barazani, mmoja akimshika mwenzake kiwiko.

"Mansour," Talal alisikika akisema, "njiani usinichekeshe."