Fuwele Moja ya Kamba

Miaka minne nimemmenya kamba, nimemsaga, nimemchuja, mpaka harufu yake imenigandia kwenye nywele. Mama kila nikimpigia simu hunitania: "Mwanangu, kamba wote hao, na hata mmoja hujamtia sufuriani?" Nacheka naye.

Nilichokitaka kimo kwenye nyama ya mkia: kimeng'enya kinachompa kamba nguvu ya kujirusha nyuma akishtuliwa. Kina shimo, na shimo hilo hushika ajinini, kitu chembamba, kirefu. Kazi yangu ilikuwa kuvipiga picha vikiwa vimeshikana. Picha isipopatikana kabla ya Ijumaa, mkataba wangu unakwisha na meza yangu ya maabara anapewa mwingine. Profesa, msimamizi wangu, alinieleza hayo huku akitazama viatu vyake.

Kimeng'enya hakipigiki picha mpaka kigande kiwe fuwele, kipunje kinachong'aa, kidogo kuliko chembe ya chumvi. Majaribio mia nane yalinipa uji mtupu. Moja likanipa fuwele. Moja tu! Nililia palepale kwenye hadubini, sioni haya kusema.

Fuwele hugandishwa kwa baridi kali kabla ya kupigwa eksirei, na ili isipasuke huchovywa kwanza kwenye gliserini, majimaji mazito ambayo kila chembe yake ni fupi, ya vifundo vitatu. Sekunde tano zinatosha. Mimi, kwa woga wangu, niliiacha dakika tatu.

Alhamisi asubuhi fundi wa eksirei, tunayemwita Miwani, alitufungulia picha kwenye kompyuta. Umbo lote lilikuwa limetoka, safi kabisa. Na ndani ya shimo kulikuwa na kitu kimekaa.

"Kimeshika!" Profesa akanikamata bega. "Binti, umetutoa kimasomaso!"

Miwani alijikuna kidevu. "Mbona kifupi hivyo, Profesa?"

"Ncha moja ya ajinini inachezacheza, ndiyo maana haikutokea. Mambo ya kawaida hayo."

Ni kweli, ni mambo ya kawaida. Nani angembishia? Nikaiona meza yangu, nikaliona jina langu limechapwa, nikamsikia mama akipiga vigelegele kwenye simu. Halafu nikakitazama tena kile kitu. Kilikuwa na vifundo vitatu tu. Nilikuwa nimekiingiza mwenyewe. Kwa dakika zile tatu kiliisukuma ajinini nje, kikakaa mahali pake.

Nilitamani kupiga kelele. Nilijichukia.

"Ni gliserini," nikasema.

Miwani akainamisha kichwa. 

"Fikiri kwanza, binti," Profesa akasema kwa sauti ndogo, ya kuomba. "Leo ni Alhamisi."

"Nimefikiri, Profesa. Ni gliserini."

Mkono wake ulikuwa bado begani kwangu. Akauondoa.