Habibi Aliyepewa Mdalasini

Siku ya tatu mfululizo Habibi hakupanda. Khamisa alikwisha kumtoa juu ya friji akampeleka dirishani, kutoka dirishani hadi kando ya oveni, kutoka kando ya oveni hadi juu ya friji tena. Lau kama ile chupa ingekuwa na miguu ingehama nyumba.

Habibi hakuwa mtu. Alikuwa uji mzito wa unga na maji ulioachwa uchachuke wenyewe ndani ya chupa ya mdomo mpana, ndiyo chachu ya mkate ambao Madam aliuita sawado. Madam alipewa chachu hiyo Paris, miaka kumi na mmoja nyuma, akaitia jina ambalo mumewe hajapata kuitwa hata siku moja. Kila asubuhi Habibi alimwagwa nusu, akalishwa. Akavimba, akanywea, akataka tena. Khamisa, aliyeolewa mara mbili, hakuona jipya hapo.

Madam alipokwenda London kwa siku kumi alimwachia Khamisa, mtumishi wake, maneno mlangoni, miwani ya jua tayari usoni.

"Jumamosi nikirudi nimkute mzima. Jumapili mama mkwe anakuja, nataka mkate wa mdalasini. Ukinitunzia Habibi, likizo yako nasaini siku hiyo hiyo. Akifa, khalas, tutazungumza baada ya Ramadhani."

Baada ya Ramadhani. Rumaisa, kitinda mimba wa Khamisa, alikuwa akiolewa Mombasa, Kibokoni, wiki mbili tu baada ya Jumapili hiyo. Baada ya Ramadhani mtoto atakuwa keshajifunza kumnunia mume, na mama mtu bado yuko ng'ambo, Garhoud, anasugua masufuria ya Madam.

Sasa tuseme kosa lilivyokuwa. Siku ya nne Habibi alitoa harufu ya soksi za askari. Kwao Khamisa kitu kikinuka hutiwa mdalasini, iwe uji, maziwa, hata maji ya kuogeshea mzazi. Tena mkate wenyewe si utakuwa wa mdalasini? Basi bora Habibi auzoee mapema. Akatia kijiko kimoja, akakoroga kwa bismillahi. Kesho yake Habibi akapanda kidole kimoja tu. Akaonekana mgonjwa, akaongezwa kijiko cha dawa. Kisha cha tatu, cha kumalizia dozi. Alhamisi, siku mbili kabla Madam hajarudi, alikuwa ametulia chini ya chupa, rangi ya matope, kimya.

Khamisa akatoka kibarazani, akarudi, akafungua kifuniko, akafunga. Akachukua simu, akampigia Mastula.

Mastula alikuwa msichana wa Kiganda, askari wa lango la hoteli iliyokabili nyumba, na kila zamu alipita mlango wa jikoni kusalimu. Madam alikataza kitu kutoka jikoni kwake. Lakini ile nusu ya kumwaga ilikuwa unga, na mkono wa Khamisa haukujua kumwaga unga. Kwa hiyo siku tatu za kwanza, kabla ya mdalasini, alimtilia Mastula kwenye kopo la mtindi, naye akaenda nalo mtaa wa International City, alikopanga chumba na wenzake watano.

"Mastula mwanangu, ule uji niliokupa."

"Upi, mama? Ule wa kunuka?"

"Usimtukane. Upo?"

"Upo. Tunaupikia chapati za maji. Lillian alitaka kuutupa, nikamwambia huo ni wa watu."

"Unapanda?"

"Juzi ulitoka koponi ukaingia kitandani kwa Lillian."

Khamisa akakaa chini, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Hamkuutia mdalasini?"

"Mdalasini tuutoe wapi, mama? Chumvi yenyewe tunaazimana."

Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko ya Khamisa. Alivaa buibui baada ya swala ya alfajiri, akakaa ukingoni mwa kitanda na mkoba mapajani, maana Ijumaa metro hailambi reli kabla ya saa nne. Akavua viatu, akavaa. Akampigia Mastula kuuliza kama uji umelala vizuri. Hatimaye akafika kituo cha Rashidia, akapanda basi, akakikuta chumba cha vitanda sita, na Habibi wa pili katikati, chini ya feni, akichemka bila moto.

"Chukua nusu," Mastula alisema. "Na usimpe dawa tena, mama."

Njiani joto lilimpata Habibi mkobani. Ndani ya metro, watu kimya wametazama simu zao, kifuniko kikafanya *puu*. Kidogo, tena *puu*, na harufu ikafuata. Abiria wakainua macho. Khamisa akamgeukia bwana mmoja wa tai aliyekaa kando yake, akamtazama kwa masikitiko mpaka bwana yule akasogea.

Usiku ule ule Khamisa alimwaga yule wa matope, akamtia mpya chupani. Jumamosi Madam hakuvua hata viatu. Akaenda kwenye chupa.

"Amenenepa," alisema.

"Alhamdulillahi, madam."

Madam akakanda, akaacha unga upumzike, na mwishoni kabisa, alipokuwa akiukunja, ndipo akanyunyiza mdalasini. "Huja mwisho, Khamisa. Ukiutia mapema humuua."

"Ala," Khamisa alisema. "Kumbe."

Jumapili mama mkwe alikula vipande vitatu. "Huyu ametoka Paris," Madam alimwambia. "Hajawahi kulala nje ya nyumba hii."

Khamisa akatazama birika. Kisha, kwa vile miguu ilikuwa haitaki tena kungoja, akasema, "Madam, ile karatasi yangu ya likizo."

Madam akapangusa vidole polepole. "Umemtunza kuliko mimi. Ukienda, nani atamlisha? Labda baada ya Ramadhani."

Hili Khamisa hakulipigia hesabu.

"Yuko msichana, madam. Askari wa hapo hotelini. Ana mkono mzuri."

"Anamjua Habibi?"

"Wamelala chumba kimoja."

Neno lilishatoka. Madam akaweka kisu chini, na Khamisa, sinia mkononi, akasimulia yote: uji wa kumwagwa, kopo la mtindi, mdalasini, kitanda cha Lillian, bwana wa tai. Mama mkwe akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya shela. Madam hakucheka. Aliondoka, wakasikia kifuniko jikoni kikifunguliwa, kikakaa wazi muda mrefu. Akarudi na kalamu.

"Vijiko vingapi?"

"Vitatu, madam."

"Vitatu." Akasaini. "Huyo msichana aje kesho nimwone. Na lile kopo la mdalasini, ukisafiri, ondoka nalo."

Khamisa akaikunja karatasi, akaitia kifuani, akatoka kwenda kumpigia Rumaisa. Kabla simu haijapokelewa alikwisha rudi jikoni mara mbili kumchungulia Habibi.