Mnyororo, Au

Kesi ya Hemedi, msokota kamba wa Ndagoni, ilisikilizwa bomani Chole asubuhi, huko jikoni wapishi wakikuna nazi. Kosa lake ni kukataa kumbeba Bwana Mkubwa wa Kijerumani mgongoni, kutoka mashuani hadi nchi kavu. Maji yalikuwa ya magotini. Viatu vya Bwana Mkubwa vikalowa.

"Mnyororo," alihukumu Mjerumani yule, akainuka kwa hasira, goti likagonga pembe ya meza. "Au!"

Watu wakasubiri neno la pili. Bwana Mkubwa akaingia ndani akichechemea, Hemedi akavishwa chuma shingoni, watu wakatawanyika. Mkewe Hemedi, Mwanahalima, akabaki ameketi palepale barazani na ukili wake wa mkeka mkononi.

Askari Mfaume akamwendea. "Shikamoo, bibi. Nenda zako nyumbani. Ile 'au' si yetu. Kwao ni 'uwi', mtu akiumia."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ya kwao akaisemee kwao. Hapa kasema mnyororo, au. Nangoja la pili."

Akangoja. Jua likamwandama, mvua ikamkuta, yeye anasuka tu. Wallahi, wanawake wakaidi nimewaona, lakini wa kumvulia kofia ni huyu. Neno nalo halikuondoka. Lilining'inia kwenye boriti ya baraza, limevimba kidogo kwa unyevu, na askari warefu wakawa wanainama wakipita.

Mkeka ulipokwisha, Mwanahalima alipanda kitini, akaliangua neno kama papai, akalifunga kwenye pindo la kanga na kuvuka maji kurudi Ndagoni. Hakuna aliyemzuia. Lilikwisha kuwachosha kwa kuwagonga vichwa.

Akamkuta Hemedi kibarazani, anasokota kamba. Na kule Chole, saa ileile, Hemedi alikuwa mnyororoni, anabeba mawe ya gati. Waliovuka asubuhi walimwamkia huku, wakafika kule wakamwamkia tena, naye akaitikia kotekote. Bwana Mkubwa alipouliza kama mfungwa yupo, Mfaume alijibu yupo.

Hemedi wa nyumbani alikula vizuri, akataniana na majirani, akasali safu ya mbele. Ila kila jioni shingo yake ilikuwa imechubuka, na kamba zake zilinuka kutu. Mwanahalima alimpaka mafuta ya nazi, wala hakumwuliza kitu.

Bwana Mkubwa akahamishwa. Aliyekuja baada yake alikuwa mpole, Kiswahili chake safi. Mwanahalima akavuka, akafungua pindo mbele yake, akauliza la pili ni lipi.

Mjerumani mpya akaliinamia neno, akalitazama kwa heshima. "Mama, hili ni la kwetu," akasema. "Halina la pili."

"Haya," akasema Mwanahalima, akalifunga tena.

Akapitia gatini, akampaka mafuta na yule wa mnyororoni. Kisha akavuka, akaenda kumpikia yule wa nyumbani.