Indio Kala, Indio Kaenda

Mama Ascensión alimfinya bintiye Nayibe paja chini ya meza. "Hata sahani ikiwa tupu, wewe kaa!"

Walikuwa mjini Popayán, Kolombia, nyumbani kwa Doña Ofelia, mama yake Germán, kijana aliyetaka kumuoa Nayibe. Wazazi walikuwa wanaonana kwa mara ya kwanza, na Mama Ascensión alikuwa na hofu moja tu: posa isije ikavunjikia mezani. Maana watu wa mjini hutuita sisi wenyeji wa milimani "indio", jina la dharau, na wana msemo juu yetu. Mgeni yeyote akila na kuaga upesi, hata awe mweupe kama jibini, watasema, "Indio kala, indio kaenda." Eti ndivyo tulivyo, tumbo likijaa shukrani imekwisha.

Na msemo huo, enyi wenye watoto, Mama Ascensión ndiye aliyemnywesha mwanawe. Tangu Nayibe mdogo, akikimbilia kucheza midomo bado ina mafuta, mama humwita, "Rudi! Unataka waseme indio kala?" Alidhani anamkinga. Kumbe ilikuwa kumkinga mtoto na mvua kwa kumtosa mtoni.

Basi wakala sambusa za viazi na karanga, wakala na supu ya kuku. Nayibe alipomaliza, akamwona Rosaura, mpishi, amesimama mlangoni na bakuli lake mkononi, anangoja. Miguu ya Nayibe ikainuka yenyewe.

Mjomba Hernando, kaka wa Doña Ofelia, akapiga meza. "Ehee! Sikusema mimi? Indio kala, indio kaenda!"

Wakacheka kidogo.

"Utani tu, binti. Usinune."

"Mjomba, acha bwana," Germán alisema, lakini kwa sauti ya chini mno.

Nayibe akarudi kitini, shingo kaiinamisha. Shingo ile ndiyo iliyomchoma mama yake. Aliwaona wajukuu ambao hata hawajazaliwa, wameinama vilevile, kwenye meza ileile.

Akasimama yeye.

"Umesema kweli, Bwana Hernando. Tukila tunaondoka. Kwetu siku ya minga, kijiji kizima kinapolima pamoja, watu ni wengi na mabenchi machache. Aliyeshiba huinuka ili mwenzake akae. Anayeng'ang'ania tunamwita kunguni wa benchi."

"Kunguni!" Germán akaangua kicheko.

"Sasa wewe baba, supu umeimaliza zamani, na huyu dada wa mlangoni hajatia kitu mdomoni. Nani hana adabu hapa?"

Hernando akamgeukia dada yake amtetee. Doña Ofelia alikunja kitambaa chake cha kufutia mdomo taratibu, akakiweka mezani.

"Inuka, Hernando. Rosaura, njoo ukae."

"Mimi? Hapa mezani?"

"Njoo bwana, supu inapoa."

Hernando akainuka, kitambaa kinaning'inia kifuani kama cha mtoto. Germán naye akainuka bila kuambiwa, na safari hii sauti ilimtoka yote. "Mama Ascensión, nami nikija kwenye minga nitainuka wa kwanza."

"Utalima kwanza, baba. Mambo ya kuinuka baadaye."

Hata Rosaura alicheka, kijiko mdomoni.

"Na wewe Nayibe," Doña Ofelia akauliza, "utabaki?"

"Nimeshiba, mama. Naondoka."

Akaweka shali yake ya buluu sawasawa mabegani, akatoka kwa mlango wa mbele. Germán akamfuata mbio, amebeba kofia yake.